Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: kugawa laini ya intaneti na kulinda ubora wa huduma

Ukurasa huu ni wa yule anayepigiwa simu kila mtandao unapozingua: mtu wa IT wa ofisi, mwalimu aliyekabidhiwa ruta ya shule kwa sababu tu "anajua mambo hayo", mwenye hosteli, fundi anayesambaza Wi-Fi mtaani. Maswali yanaanza na ya msingi na kuishia kwenye yale yanayokesha na mtu. Mwenye haraka asome la 3 na la 9, maana mengine mengi yanarudi hapo.

## Mambo ya msingi

1. Upana wa laini ni nini? Ni kitu kimoja na spidi?

Upana wa laini, ambao kamusi za kompyuta huuita kipimo data, ni idadi ya biti zinazoweza kupita kwa sekunde moja. Laini ya Mbps 20 hupitisha biti milioni 20 kwa sekunde, haizidishi hapo. Watu wakisema "spidi" huwa wanachanganya mambo mawili: kiasi kinachopita, na muda ambao pakiti moja (kipande kidogo cha data) hutumia kwenda na kurudi. Huo muda ndio ucheleweshaji, hupimwa kwa milisekunde, na haupungui kwa kununua kifurushi kikubwa. Lori la tani 30 hubeba mzigo kuliko bodaboda, lakini barua ya kuwahi mjini utampa nani?

Ndani ya faiba mwanga husafiri takribani km 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo kila km 1,000 za kebo huongeza milisekunde 10 kwenda na kurudi. Seva ikiwa Ulaya na wewe uko Dar es Salaam, umbali huo hakuna ruta itakayoufupisha. Ndiyo maana vituo vya kubadilishana trafiki, kama TIX cha Dar es Salaam na KIXP cha Nairobi, vina thamani: pakiti ya kutoka mtoa huduma mmoja kwenda mwingine katika mji uleule haina sababu ya kuzunguka hadi London na kurudi.

2. Nimelipia Mbps 20, mbona faili linashuka kwa MB 2.4 tu?

Hujaibiwa. Baiti moja ni biti nane, kwa hiyo Mbps 20 ni MB 2.5 kwa sekunde, na kidogo huliwa na vichwa vya pakiti, yaani maelezo ya anwani yanayoitangulia data. Herufi b ndogo ni biti, B kubwa ni baiti. Matangazo hutumia ile inayotoa namba kubwa.

3. Kipimo cha spidi kinatoa namba nzuri, mbona Zoom inagandaganda?

Kwa sababu ya foleni. Hapa Kiswahili kimetufaa, kwani neno ni hilohilo kwa watu walio dirishani benki na kwa magari yaliyokwama njiani, na linalotokea ndani ya ruta ni hilohilo pia.

Pakiti zinapofika kwenye ruta haraka kuliko laini inavyoweza kuzitoa, ruta huzihifadhi kwenye bafa zikisubiri zamu. Bafa ndogo ni jambo jema, inameza mafuriko ya ghafla. Ila kumbukumbu ilipokuwa rahisi, watengenezaji walizifanya bafa kuwa kubwa mno wakiamini kwamba kupoteza pakiti ni dhambi. Tuchukue ruta yenye bafa ya MB 1 kwenye laini ambayo kupakia kwake ni Mbps 2. MB 1 ni biti milioni 8. Kuzitoa kwa Mbps 2 kunachukua sekunde 4. Mwenzako mmoja akianza kupandisha picha zake kwenye hifadhi ya mtandaoni, bafa inajaa, na kila neno unalosema kwenye Zoom linajipanga nyuma ya picha hizo kwa sekunde 4. Hakuna pakiti iliyopotea, laini inafanya kazi asilimia 100, na mkutano umekufa.

Kipimo cha kawaida cha spidi hakikuambii hilo, kwa kuwa kinahesabu mzigo uliopita tu. Foleni ndefu hakiioni, au hata hunufaika nayo: laini haikai bure hata sekunde moja. Tatizo hili lilipata jina baada ya mhandisi Jim Gettys kulikuta kwenye laini ya nyumbani kwake na kuanza kulipigia kelele kati ya 2010 na 2011. Yeye aliliita bufferbloat, yaani bafa iliyovimba. Tiba iko kwenye swali la 9 na la 10.

4. Basi ubora wa huduma maana yake nini hasa?

Ni kuipa kila huduma kile isichoweza kuishi bila hicho. Mambo yanayopimwa ni manne: kiasi kinachopita, ucheleweshaji, mtikisiko (pakiti kufika kwa mapigo yasiyolingana, moja sasa, nyingine baada ya milisekunde 80) na pakiti zinazopotea njiani. Faili la kupakua halijali mtikisiko. Simu ya sauti inajali sana: mwongozo G.114 wa ITU-T, wanaoweka viwango vya mawasiliano, unataka sauti isichelewe zaidi ya milisekunde 150 kwa upande mmoja ili mazungumzo yawe ya kawaida. Ikizidi mno, watu wawili huanza kuzungumza kwa pamoja, kisha wote hunyamaza, kisha tena kwa pamoja.

Jambo moja husahaulika: kupanga ubora hakuzalishi hata biti moja mpya. Kunaamua nani asubiri. Njia ya mwendokasi kwenye Barabara ya Morogoro humwahisha abiria wa basi, na wenye magari madogo pembeni wanajua gharama yake.

5. Si bora ninunue kifurushi kikubwa yaishe?

Wakati mwingine ndiyo. Kama laini inajaa mfululizo kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa kumi jioni, hakuna ujanja wa foleni utakaokuokoa, ongeza. Lakini kama inajaa kwa vipindi, kifurushi kikubwa kitajazwa vilevile, ila kwa muda mfupi zaidi. Hiyo ndiyo tabia ya TCP, itifaki inayobeba sehemu kubwa ya trafiki: huongeza mwendo hatua kwa hatua mpaka ione pakiti zimepotea, ndipo irudi nyuma. Anayepakua faili moja kubwa kutoka seva nzuri anaweza kuijaza Mbps 20 na hata Mbps 100.

Na heri inarudi nyuma. Oktoba 1986, kabla ya tabia hiyo kuwekwa, kiungo kati ya maabara ya Lawrence Berkeley na Chuo Kikuu cha California, Berkeley, umbali wa mita mia kadhaa tu, kilishuka kutoka kbps 32 hadi biti 40 kwa sekunde. Kompyuta zilikuwa zikirudia kutuma zilichokwisha kutuma, zikizidi kuziba njia. Van Jacobson alichapisha tiba yake mwaka 1988, na intaneti imesimama juu ya tiba hiyo mpaka leo.

## Pima kabla ya kugusa

6. Nitajuaje kama tatizo ni foleni, Wi-Fi au mtoa huduma?

Unahitaji kompyuta moja, waya mmoja na subira. Piga pingi (ujumbe mdogo unaopima muda wa kwenda na kurudi) mbili kwa wakati mmoja, moja kwenda kwenye ruta yako na nyingine kwenda nje, tuseme 8.8.8.8, seva ya Google. Ziache dakika tano laini ikiwa tulivu, kisha anza kupakia faili kubwa huku ukiziangalia, kisha kupakua.

Pingi ya ruta ikirukaruka wakati uko kwenye Wi-Fi, na ikatulia ukichomeka waya, ugonjwa uko hewani. Nenda swali la 17. Pingi ya ruta ikiwa tulivu na ya nje ikapanda pale tu unapopakia au kupakua, ni foleni. Pingi ya nje ikiyumba hata usiku wa manane ofisi ikiwa tupu, hapo mwambie mtoa huduma, na umpelekee namba zilizoandikwa saa na tarehe. Kumwambia "mtandao uko slow" kutakupatia jibu moja tu: zima, washa.

Mara nyingi nimeitwa kubadilisha ruta, nikaishia kubadilisha waya uliobanwa na mguu wa kabati.

7. Asubuhi napata Mbps 20, usiku 6. Naibiwa?

Soma tena mkataba utafute neno "hadi". Kifurushi cha kawaida cha nyumbani ni cha kushirikiana: mtoa huduma anauza uwezo uleule kwa wateja wengi akijua hawatautumia wote kwa pamoja. Saa mbili usiku wanautumia kwa pamoja. Laini isiyoshirikiwa ipo, na bei yake ni mara kadhaa ya hiyo. Pia angalia kama kifurushi "kisicho na kikomo" kina kifungu cha matumizi ya haki, kinachopunguza mwendo baada ya kiasi fulani cha GB.

8. Ofisi ya watu 30 inahitaji kiasi gani?

Usihesabu watu, hesabu vitu vinavyotokea kwa wakati mmoja. Zoom wenyewe hutaja takribani kbps 600 kwa video ya watu wawili yenye ubora mzuri na Mbps 1.2 kwa ya 720p, kila upande. Simu ya mezani ya IP yenye kodeki (njia ya kugeuza sauti kuwa data) ya G.711 hubeba kbps 64 za sauti, na ukijumlisha vichwa vya pakiti inakuwa kama kbps 80 kwenda na 80 kurudi. Tuseme watu wanane wako mikutanoni na simu kumi ziko hewani: hiyo ni karibu Mbps 10.5 kupakua na Mbps 10.5 kupakia. Barua pepe na kurasa za kawaida hujipenyeza kwenye kinachobaki.

Angalia upande wa kupakia. Laini ya 50 kushuka na 5 kupanda inavutia kwenye bango, lakini mikutano hiyo minane haitaenda. Ya 20 kwa 20 ingewatosha.

## Kupanga foleni

9. Nianzie wapi?

Anza kwa kuihamishia foleni kwako. Kwa kawaida foleni hujipanga kwenye kifaa cha mtoa huduma au modemu, mahali usipoweza kuigusa. Ukiiambia ruta yako isitoe zaidi ya asilimia 90 hivi ya kile laini inachoweza, foleni haitajengeka kule tena, itajengeka ndani ya ruta yako, na hapo unaweza kuipanga utakavyo. Ukipima 20 kushuka na 5 kupanda, weka 18 na 4.5. Ukishaona pingi imetulia chini ya mzigo, panda kidogo kidogo mpaka ianze kuyumba, kisha rudi hatua moja.

Wengi hugoma hapa: yaani nilipie 20 nitumie 18? Ndiyo. Mbili hizo unanunulia utulivu wa zile 18.

Swali linalofuata huwa ni kuhusu kupakua, kwani pakiti zinakuwa zimekwisha kupita sehemu nyembamba kabla ya kukufikia. Ni kweli, na ndiyo maana upande huo hautii kikamilifu kama wa kupakia. Lakini ruta yako ikichelewesha au kuangusha pakiti chache, mtumaji wa TCP huko aliko anaona dalili ya msongamano na kupunguza mwendo mwenyewe.

10. fq_codel na CAKE ni nini, na kwa nini kila mtu anazitaja?

Ni njia za kusimamia foleni, na kama kifaa chako kinazo, zitakuondolea sehemu kubwa ya kazi.

CoDel ilitolewa mwaka 2012 na Kathleen Nichols na Van Jacobson, yuleyule wa 1988. Njia za zamani ziliangalia urefu wa foleni. CoDel inaangalia muda ambao pakiti imesubiri. Kusubiri kidogo si kosa. Kosa ni kusubiri kusikoisha. Kwa kawaida ikiona hata pakiti iliyosubiri kidogo kuliko zote imezidi milisekunde 5 kwa kipindi kizima cha milisekunde 100, inaanza kuangusha pakiti mojamoja, na watumaji wanapoa.

Sehemu ya fq huongeza haki. Badala ya foleni moja, kila mtiririko huingizwa kwenye foleni yake, kwa kawaida hadi 1,024, na ruta huzihudumia kwa zamu. Mtiririko mwembamba, kama sauti au ombi la DNS (kuulizia anwani ya tovuti), hukuta foleni yake tupu na kupita mara moja. Faili kubwa linajisubiri lenyewe. Hakuna aliyeandika kanuni kwamba Zoom ni muhimu. Tabia yake ya kutuma kidogo kidogo ndiyo imempa nafasi.

CAKE iliingia kwenye Linux 4.19 mwaka 2018. Inaunganisha hayo yote na kizuizi cha mwendo, tena inaweza kugawa kwa haki kati ya kompyuta na kompyuta. Hilo ni muhimu hostelini, ambako mmoja hufungua miunganiko 200 ya torenti dhidi ya mmoja wa jirani. Kwenye OpenWrt, programu huria ya ruta, zote mbili huja kupitia kifurushi cha programu kiitwacho SQM. Kwenye ruta za MikroTik zimo kuanzia toleo la 7 la RouterOS, programu inayoziendesha. Nyumba au ofisi ndogo iwashe CAKE kwa namba za swali la 9, kisha isubiri wiki kabla ya kuongeza chochote.

11. Kuna tofauti gani kati ya kubana na kukata?

Kubana ni kuziweka pakiti zilizozidi kwenye foleni zitoke baadaye kidogo. Kukata ni kuzitupa papo hapo. Mtoa huduma mara nyingi hukata, ni rahisi kwake. Wewe bana kabla hujafika kwenye kisu chake: ukituma zaidi ya anachoruhusu, yeye hachagui, atatupa pakiti ya simu ya bosi pamoja na ya mwenye kuangalia mpira.

12. Nimgawie kila mtu Mbps 1 tuwe sawa?

Hapana. Watu 20 wenye Mbps 1 kila mmoja maana yake ni kwamba saa tisa usiku, mlinzi akiwa peke yake, atatumia 1 na 19 zitalala. Weka dhamana na ukomo: dhamana ni kile usichonyang'anywa laini ikijaa, ukomo ni pale unapoweza kufika wengine wakiwa wamelala.

Kwenye MikroTik, aina ya foleni iitwayo PCQ hugawa sawasawa kati ya waliopo kwa wakati huo. Ukitaka kugawa kwa kazi badala ya kwa mtu, tumia mti wa foleni. Mfano wa laini iliyobanwa Mbps 18 (dhamana na ukomo ni kwa Mbps):

| Kundi | Dhamana | Ukomo | Kipaumbele |
|---|---|---|---|
| Simu za IP | 1 | 4 | 1 |
| Mikutano ya video | 8 | 18 | 2 |
| Kazi za ofisi | 6 | 18 | 4 |
| Mengineyo yote | 3 | 18 | 8 |

Jumla ya dhamana ni 18, na isizidi hapo kamwe. Ukiahidi 25 kwenye laini ya 18, ahadi zote zinakuwa uongo. Kipaumbele 1 ndicho cha juu, 8 cha mwisho, na kinaamua jambo moja tu: nani achukue kinachobaki baada ya kila kundi kupata dhamana yake. Usiliache kundi la mwisho na sifuri. Humo ndimo huangukia vitu ulivyosahau kuviorodhesha, na siku moja kitakuwa kitu cha mhasibu.

13. Nifunge YouTube na TikTok?

Hilo ni suala la utawala zaidi kuliko la mtandao. Kiufundi ni vita vinavyochosha: trafiki karibu yote imefichwa kwa usimbaji, nyingi hupita UDP (itifaki nyingine, si TCP) bandari 443, na anwani za YouTube ni za Google, walewale wa barua pepe na hati zako. Ukifunga kwa papara, unafunga na kazi. Kuiweka video kwenye kundi la mwisho lenye ukomo wa Mbps 3 kazi zinapokuwa nyingi kunatosha. Ikishuka hadi ubora wa 360p, watu hurudi kwenye bando zao wenyewe bila kuambiwa.

14. Kila asubuhi laini inajaa nusu saa ya kwanza, kwa nini?

Kompyuta 30 zimewashwa pamoja na kila moja inapakua masasisho yaleyale. Kwenye Windows ruhusu kompyuta zigawiane masasisho ndani ya mtandao wa ofisi (mpangilio wa Delivery Optimization) na uhamishie saa za kupakua usiku. Hifadhi za mtandaoni nazo zina mahali pa kuweka ukomo wa kupakia.

## Sauti, video na Wi-Fi

15. Simu za IP zinakatikakatika laini ikiwa haijajaa. Kwa nini?

Angalia wastani unaokuambia haijajaa umepimwa kwa muda gani. Grafu ya dakika tano ikionyesha asilimia 40 inaweza kuficha sekunde 2 za asilimia 100 kila dakika, na simu inakufa ndani ya sekunde hizo.

Kwenye laini nyembamba kuna tatizo jingine. Pakiti ya baiti 1,500 kwenye laini ya Mbps 1 hutumia milisekunde 12 kutoka. Hata ukiipa sauti kipaumbele cha kwanza, lazima isubiri pakiti iliyokwisha kuanza kutoka imalize. Kwenye Mbps 10 kungoja huko ni milisekunde 1.2, usijali tena.

16. Niweke alama za DSCP? Mtoa huduma atazifuata?

DSCP ni alama ya biti sita kwenye kichwa cha pakiti, iliyowekewa viwango mwaka 1998. Sauti huvaa 46. Ndani ya mtandao wako ni nzuri sana: simu ijitie alama, swichi na ruta ziiheshimu. Ukitoka nje kwenye intaneti ya kawaida, usitegemee. Watoa huduma wengi huzifuta au kuzipuuza, na wana sababu, kwani kila mtu angejitia 46. Ukilipia kiungo cha MPLS (njia ya binafsi ndani ya mtandao wa mtoa huduma) kati ya matawi, hapo alama zinaweza kuwemo kwenye mkataba, dai ziandikwe.

Usiiamini pia alama inayotoka kwenye kompyuta ya mtu yeyote. Weka alama wewe kwenye swichi au ruta.

17. Nimepanga ruta vizuri, ila Wi-Fi bado inasumbua.

Foleni ya ruta haina uwezo juu ya hewa. Kwenye Wi-Fi rasilimali ni muda wa hewani, na simu ya zamani iliyo mbali, inayozungumza kwa Mbps 6, hula muda ambao kompyuta ya karibu ingetumia kupitisha mara kumi ya hapo. Bendi ya GHz 2.4 ina chaneli tatu tu zisizogongana, 1, 6 na 11, na kwenye jengo la ghorofa zote zina wenyewe. Hamishia vifaa kwenye GHz 5, ongeza vituo badala ya kuongeza nguvu ya kimoja, na kompyuta zisizohama zichomeke waya.

Kuna mtego mdogo: vifaa vingi huchukua biti tatu za mwanzo za DSCP kuamua foleni ya hewani, na kwa 46 jibu lake huwa foleni ya video badala ya sauti. Si msiba, lakini kama umekesha ukitafuta kwa nini takwimu za foleni ya sauti ni sifuri, ndiyo hiyo.

18. Mashine ya EFD na ya kadi zinahitaji Mbps ngapi?

Kbps chache. Kinachoziua ni kusubiri mpaka muda wake uishe, si upana. Zipe dhamana ndogo na kipaumbele cha juu (swali la 12), foleni ya wateja dukani itapungua pia.

## Kesi ngumu

19. Nimeandika kanuni zote, lakini foleni zinaonyesha sifuri.

Kwenye MikroTik, tafuta FastTrack kwenye fayawoli. Mipangilio ya kiwandani huiwasha, na pakiti zinazopita njia hiyo ya mkato hazipiti kwenye foleni rahisi wala kwenye mti uliofungwa juu ya global (yaani ruta nzima). Izime, au iondoe kwa trafiki unayotaka kuipanga. Kwenye OpenWrt mwenzake ni uharakishaji wa mitiririko unaofanywa na kifaa chenyewe. Ukizima, CPU itafanya kazi zaidi. Ruta ndogo inaweza kushindwa kufikia Mbps 100, kwa hiyo angalia CPU ukiwa chini ya mzigo.

Kingine cha MikroTik: foleni rahisi husomwa kutoka juu kwenda chini. Ya "wote" ikikaa juu, za chini yake hazitaonja kitu.

20. Natumia 4G au Starlink, mwendo unabadilika kila dakika. Nibane kwa namba gani?

Hakuna namba moja sahihi. Ukichukua ya chini kabisa, unapoteza mwendo mzuri. Ukichukua ya wastani, foleni inarudi mnarani. Kwa OpenWrt kuna programu ndogo ya cake-autorate, inayopima ucheleweshaji mfululizo na kushusha au kupandisha ukomo wa CAKE. Ukiwa huna, chagua namba iliyo karibu na kiwango cha saa mbaya za kazi, na uvumilie.

21. Tuko mahali pa mbali, tunatumia satelaiti kubwa. Faili moja halizidi kbps 900 ingawa laini ni Mbps 4.

Satelaiti ya mzingo wa kusimama, inayoonekana kukaa mahali pamoja angani, iko km 35,786 juu. Ombi hupanda na kushuka, jibu nalo hupanda na kushuka: umbali huo mara nne, karibu milisekunde 480 za mwanga peke yake, na kwa kawaida utaona 600. TCP ya zamani yenye dirisha la KB 64 hutuma kiasi hicho kisha husubiri kuthibitishiwa. KB 64 kwa kila milisekunde 600 ni kbps 870 hivi. Mifumo ya sasa hukuza dirisha yenyewe, kwa hiyo tafuta kifaa cha kale au fayawoli inayochezea chaguo la TCP la kukuza dirisha. Miunganiko kadhaa kwa pamoja huijaza laini bila shida.

22. Nina laini mbili za Mbps 20. Nitapata 40?

Kwa watu wengi kwa pamoja, karibu. Kwa faili moja, hapana, kwani ruta hugawa kwa muunganiko, na muunganiko mmoja hupita njia moja. Tovuti za benki hukutoa nje zikiona anwani yako imebadilika katikati. Zifunge kwenye laini moja. Na kila laini ibanwe kwa namba yake.

23. Kebo ya baharini ikikatika nifanye nini?

Mei 12, 2024 kebo za EASSy na SEACOM zilikatika upande wa Afrika Kusini, na Tanzania, Kenya na majirani wakabaki wakipumua kwa tabu. Siku kama hiyo sehemu nyembamba huhamia juu ya mtoa huduma wako, na ukomo wako wa Mbps 18 unakuwa hauna kazi, foleni imekwenda kujengeka huko. Pima upya, shusha ukomo hadi karibu na kile unachopata kweli (swali la 9), upunguze kundi la "mengineyo" hadi Mbps 0.5, na dhamana nyingine nazo zishuke ili jumla isizidi ukomo mpya (swali la 12). Huo mpangilio wa dharura uandike leo, uuhifadhi kwenye ruta ukiwa umezimwa.

24. Kila kitu kinapita VPN. Foleni zitatofautisha vipi?

Hazitatofautisha. Kwa nje VPN, njia iliyosimbwa inayobeba kila kitu ndani yake, ni mtiririko mmoja, na fq_codel itauona kama mtu mmoja mwenye mzigo mkubwa. Panga foleni kabla pakiti haijaingia kwenye VPN, upande wa ndani. Na kama kurasa nyingine zinafunguka nusu kisha zinaganda, hilo si suala la foleni: pakiti zimekuwa kubwa kuliko njia, punguza MSS ya TCP, yaani kiasi cha juu cha data ndani ya kila pakiti.

25. Mtoa huduma hanisikii. Niende wapi?

Kwanza pata namba ya malalamiko yako kutoka kwake, pamoja na vipimo vya swali la 6 vya angalau wiki moja, vilivyopimwa kwa waya. Kisha peleka kwa mdhibiti: TCRA kwa Tanzania, CA kwa Kenya. Vipimo vya kwenye Wi-Fi watavikataa, na wana haki.

26. Bosi anataka kompyuta yake iwe na kipaumbele cha kwanza kwa kila kitu.

Mpe dhamana nono, Mbps 3 zake peke yake, na umwonyeshe kwenye skrini. Usimpe kipaumbele cha 1 kisicho na ukomo. Ofisi moja tulifanya hivyo kwa agizo lake. Siku ya tatu simu za mapokezi zikaanza kukatika, tukahangaika na swichi mpaka saa nane mchana, kumbe video za harusi ya mwanawe zilikuwa zinapanda kwenye hifadhi ya mtandaoni, zikipita mbele ya kila mtu.